Uji Uliogoma Kuwa Mzito

Jumamosi ni siku ya uji. Tunapika nyuma ya kanisa, huku Kitandililo, watoto wakitoka mafundisho. Tunaopika ni sisi vijana wa kigango. Tukijaa tunakuwa wengi mpaka tunakanyagana, mvua ikinyesha tunabaki watatu, na mmoja wa hao watatu huwa ni mimi. Wengine wanaokuja kunywa si hata wa kanisa letu. Wamesikia harufu tu. Hatumfukuzi mtu.

Mtu wa mbali ukimwambia Njombe kuna watoto wenye njaa anakucheka. Mkoa wa viazi, mahindi, maparachichi, njaa inatoka wapi? Hata mimi nilipokuwa shule nilikuwa nacheka hivyo hivyo. Halafu nikamaliza kidato cha nne, nikarudi nyumbani, nikaanza kuangalia. Mama wa jirani anaamka gizani kwenda Makambako kuwauzia chai madereva wa malori. Baba yuko porini kwenye mbao. Watoto wameachiwa viazi kwenye sufuria, vimefunikwa vizuri kabisa. Asubuhi viazi, mchana viazi, jioni mama amechoka, ni ugali na majani kidogo. Tumbo limejaa, lakini mtoto wa miaka mitano unamwona kama wa mitatu. Ndiyo maana tunapika uji wa lishe, mahindi, ulezi, soya na karanga. Mimi ndiye msimamizi wa sufuria. Hakuna aliyenichagua. Nilishika mwiko siku ya kwanza kwa sababu wengine walikuwa bado wanajadili nani ashike.

Mwaka huu sadaka ya mavuno ilituletea maneno. Desturi ya kigango chetu ni kwamba watu wakishavuna wanaleta mazao kanisani, kila familia na ulichojaliwa, mahindi, maharage, ulezi, kuku, maparachichi. Misa ikiisha vyote vinapigwa mnada palepale nje, na hela inakwenda kwenye kazi za kanisa. Safari hii kazi ilikuwa bati. Paa linavuja upande wa kwaya. Mwenyekiti wetu wa kigango ni fundi seremala, anaijua kila mbao ya lile jengo, na alikuwa anausubiri mnada ule kwa hamu.

Mimi nikasimama kwenye kikao nikasema nafaka isiuzwe. Ibaki stoo, tuwapikie watoto mpaka mvua zianze. Nilisema haraka haraka kabla hawajanikatiza. Katekista akaniunga mkono, akina mama nao wakaguna vizuri. Mwenyekiti akasema:

"Sawa, binti. Magunia yabaki. Lakini siku nikisikia chakula cha sadaka kinachezewa, kilichobaki chote kinakwenda mnadani Jumapili hiyo hiyo. Sitauliza mara mbili."

"Sawa, baba," nikasema.

Nilitoka pale nimenyoosha shingo. Magunia yale yalikuwa yangu sasa, yaani ya watoto, na mimi ndiye niliyeyaombea.

Tukachambua, tukakaanga soya, tukapeleka kusaga. Jumamosi iliyofuata ilikuwa ya baridi ile ya kwetu ya mwezi wa saba, ukungu umelala mpaka kwenye mlango wa kanisa, watoto wamevaa masweta ya mtumba yanayofika magotini. Kuni analeta kijana mmoja wa kikundi, dereva wa bodaboda, anaokota mabanzi kwenye mashine za mbao, zile pembe za magogo zinazotupwa. Siku hiyo alileta mabichi. Moshi ulikuwa mwingi, moto hakuna. Nilivuruga unga kwenye maji ya baridi kama kawaida, nikamimina, nikaanza kukoroga nikisubiri uchemke. Mimi na kusubiri hatuelewani. Nilikoroga nikinung'unika.

Ukaanza kuwa mzito, nikafurahi. Halafu ukalegea.

Nikaongeza unga. Ukashika kidogo, ukalegea tena. Nikaongeza tena.

"Dada," yule wa bodaboda akaniambia, "huo ni uji au maji ya kuoshea pikipiki?"

"Chochea moto, acha maneno."

"Nachochea. Ila naona mwiko unaogelea."

"Leta unga mwingine."

"Huo ni wa Jumamosi ijayo."

"Nimesema leta."

Akaleta, nikaumaliza nao. Uji ukachemka sana, ukaiva, harufu yake nzuri, lakini mwepesi kama chai ya maziwa. Watoto walikuwa wameshapanga foleni na vikombe vyao. Ningefanya nini? Tukagawa.

"Dada, naona uso wangu humu," mtoto mmoja akasema.

"Umeyaona na makamasi?" mwenzake akamwuliza. Foleni nzima ikacheka, na mimi nikatamani ardhi inimeze.

Kuna bibi mmoja huwa anakuja na mjukuu mgongoni. Mtoto anakaribia miaka miwili na alikuwa bado hajasimama. Mama yake anafanya kazi gesti Makambako mjini, anakuja akipata ruhusa. Yule mtoto uji wetu alikuwa anapokea vijiko viwili, anageuza uso. Bibi anamsalimia kwa Kibena, "Kamwene, mkubwa. Umeshiba kwa kuangalia?" Kisha anaumalizia yeye. Jumamosi ile nilimwona amekaa kwenye jiwe lake, kikombe mdomoni kwa mtoto, na kikombe kinazidi kupanda, kinapanda, mpaka kikaisha.

"Leo mmemwekea nini huyu?" akaniuliza.

Nilidhani ananisimanga. "Bibi, tuwie radhi. Unga umekuwa mbaya."

Akaniangalia. "Nimesema mbaya mimi?"

Sikukaa kumsikiliza. Nilikuwa naona akina mama wawili wamesimama pembeni wanatazama ndani ya kikombe cha mtoto wa mmoja wao, wanaangaliana, na mmoja anasema kwa sauti ya kusikika vizuri tu, "Unga wanabeba kwao, watoto wanapewa maji."

Jioni hiyo hiyo yule dereva wa bodaboda akaja nyumbani, hajazima hata pikipiki.

"Nimembeba mama mmoja kutoka stendi," akasema. "Yule aliyekuwa anapika pombe ya komoni, akaacha wakati wa Kwaresima."

"Ehe, amefanyaje?"

"Ameniuliza kimea chake kilinunuliwa na nani kwenye mnada. Nikamwambia nafaka haikupigwa mnada, ulezi tunawasagia watoto. Alicheka mpaka nikasimamisha pikipiki, nikaogopa ataanguka."

Nilielewa kabla hajamaliza. Kila mtu huku anajua kimea. Ulezi unalowekwa, unafunikwa mpaka unachipua, unaanikwa, ndio unaochachusha pombe. Yule mama alipoacha kupika alibaki na gunia zima. Akakisugua kile kimea, akakipepeta mpaka vimizizi vyote vikatoka, kikawa kinafanana na ulezi wowote, akakileta sadaka. Hakuwa na nia mbaya. Alijua kitapigwa mnada kama kila mwaka, wapika pombe watakinunua, kanisa litapata hela ya bati. Aliyeuzuia mnada ni mimi.

"Umemwambia nani mwingine?" nikamwuliza.

Akakuna kichwa. "Stendi pale walikuwepo watu."

Jumapili asubuhi, kabla sijafika mlango wa kanisa, nilishaambiwa na watu kwamba vijana wa kigango wanawanywesha watoto komoni. Mwenyekiti alikuwa amesimama karibu na stoo. Aliniita kwa kidole.

"Baada ya misa," akasema. "Mnada."

Mungu anisamehe, mahubiri sikuyasikia. Nilikaa kwenye benchi hasira zimenipanda, nimejikasirikia mimi, gunia, mabanzi mabichi, kila kitu. Halafu nikamkumbuka yule mtoto wa bibi. Aliumaliza kwa nini? Na wale wengine waliokuwa wanacheka, mbona walirudi kuomba tena mpaka sufuria likaisha? Mimi mwenyewe nililamba mwiko, nao ulikuwa mtamu, na sukari hatukuweka. Sukari ilitoka wapi?

Hapo ndipo likanijia. Baiolojia ya kidato cha pili. Mwalimu alitutafunisha mahindi makavu bila kumeza, tukatafuna mpaka yakawa matamu mdomoni. Alitufundisha kwamba kwenye mate kuna kitu kinachokatakata wanga na kuufanya sukari. Kwenye mbegu inayochipua kipo pia, ndicho kinachoilisha ile mbegu. Niliandika kwenye mtihani, nikapata vema, nikasahau. Kwa hiyo unga ule wote nilioongeza Jumamosi haukupotea. Ulikuwa ndani ya uji, umelainishwa tu. Watoto walikunywa unga mara mbili ya siku zote.

Misa ilipoisha sikusubiri kuitwa. Nilimkamata mlezi wetu wa vijana pale mlangoni. Yeye ni muuguzi wa zahanati, Jumamosi alikuwa zamu, kwa hiyo hakuwepo wakati wa uji. Nikamweleza yote kwa pumzi moja.

"Pole pole," akasema. "Ulichemka?"

"Ulichemka sana."

"Ulichacha? Ulilala?"

"Tumepika tukagawa hapo hapo."

"Basi pombe haikuwepo. Pombe inataka ilale. Na hayo mengine unayosema ni kweli, hata kliniki tunawaambia akina mama. Lakini huyu mzee hatakuelewa kwa maneno. Mpikie aone."

Magunia yalikuwa yameshaanza kutolewa stoo. Watu wamezunguka, wapiga mnada wakipasha sauti. Nikapita katikati nikasimama mbele ya mwenyekiti.

"Baba, naomba sufuria moja kabla hamjauza."

"Nilisema sitauliza mara mbili."

"Hujauliza hata mara moja, baba. Naomba uniulize."

Watu wakanigeukia. Nilijua nimevuka mpaka. Mwenyekiti alinitazama, akatazama magunia, halafu akavuta benchi akakaa.

"Pika," akasema.

Unga wa dona ulitoka nyumbani kwa katekista. Yule mama aliyeacha komoni alikuwepo, hakujificha, akaenda mwenyewe kwenye gunia lake ambalo halijaisha, akachota konzi ya kimea, akakitwanga kwenye kinu. "Kama nimewaponza, acha niwaponye," akasema, watu wakacheka. Nikapika uji mzito makusudi, mzito mpaka mwiko ukasimama peke yake katikati ya sufuria. Nikaunyanyua watu wauone. Kisha, uji unatokota, nikatia kimea, nikakoroga.

Hakuna kilichotokea.

Nikakoroga tena. Mwiko umesimama kama nguzo ya umeme.

"Huo sasa ni ugali," mtu akasema nyuma.

"Alete na mboga," mwingine akajibu.

Mwenyekiti akajishika magoti kama mtu anayetaka kuinuka. "Binti, tuendelee na mnada?"

Nilikuwa nimesimama pale moshi unaniingia machoni, na kichwani nauliza, jana nilifanya nini ambacho leo sikukifanya? Mahindi ni mahindi, kimea kile kile. Jana mabanzi yalikuwa mabichi. Jana uji ulipata moto taratibu, ukakaa vuguvugu muda mrefu huku mimi nanung'unika. Leo kuni ni kavu, na kimea nimekitupa kwenye uji unaochemka. Kile kitu nimekiunguza. Mbegu ukiichemsha haioti.

"Nimeharakisha," nikasema. "Naomba nirudie."

Nikaliepua lile sufuria, nikaliweka chini kwenye majani. Yule mama akanitwangia konzi nyingine. Na sasa ikabidi nisubiri mbele ya kigango kizima. Nilichovya kidole, moto. Nikasubiri. Nikachovya tena, bado. Mtoto mmoja akaniuliza kama nacheza. Mlezi wetu alikuwa amekunja mikono, ananiachia. Nilitamani kutia kile kimea mara kumi na mara kumi nikajizuia. Mpaka kidole kikavumilia. Ndipo nikanyunyiza, nikakoroga.

Kwanza mwiko ukainama. Halafu ukalala ubavu. Kisha uji ukaanza kutiririka kwenye mwiko kama maziwa, bila tone la maji kuongezwa, na watu waliokuwa nyuma wakaanza kusukumana waone. Bibi mmoja alisema kwa Kibena neno ambalo sitaliandika, alilisema nje ya kanisa.

Nikaurudisha motoni, ukachemka, nikachota kikombe cha kwanza nikampa mwenyekiti kwa mikono miwili. Akanusa. Akaonja. Akanywa tena.

"Mmetia sukari."

"Hapana, baba."

"Mwenyekiti," akaita yule wa bodaboda kutoka kwenye kundi, "hebu tembea kwenye mstari ulionyooka tuone."

Hata mwenyekiti alicheka, na yeye si mtu wa kucheka. Ndipo mlezi wetu akasogea, akaongea kwa ile sauti yao ya kliniki. Akasema mtoto mdogo tumbo lake ni kama ngumi yake. Uji mzito unamshinda kumeza, na uji mwepesi wa maji unamjaza bure. Huu ni mwepesi kumeza na mzito ndani. Akasema kimea kisafi, kikichemshwa vizuri, ni chakula.

"Jana wamepewa maji, nimeona kwa macho yangu," mama mmoja akasema. Alikuwa yule wa Jumamosi.

Mimi nilifungua mdomo, lakini yule bibi mwenye mjukuu akaniwahi. Alikuja mbele, akamteremsha mtoto mgongoni, akachukua kikombe mkononi kwa mwenyekiti bila kuomba, akapuliza.

"Maji huyu anayakataa," akasema. "Na uji wenu mzito anaukataa. Tazameni."

Akamwekea mdomoni. Yule mtoto alishika kikombe kwa mikono yote miwili na hakukiachia. Watu wote tulimtazama mtoto mmoja akinywa uji, unasikia anavyomeza. Alipomaliza alikitazama kikombe ndani, akalia kwamba kimeisha.

"Mwongezeni," mwenyekiti akasema. Halafu akageuka kwa vijana waliokuwa wameshika magunia. "Na hayo rudisheni stoo. Uzeni kuku na maparachichi yaliyoletwa leo."

"Na bati, mwenyekiti?" mtu akauliza.

"Kwaya wahamie upande wa pili."

Kwaya walinung'unika, na mpaka leo wanaimbia upande wa pili. Mimi nikiwaona pale kila Jumapili najisikia vizuri mno, najua si vizuri kujisikia hivyo kanisani, lakini ndivyo ninavyojisikia.

Sasa tunapika hivi: unga wa watoto tunausaga bila kimea. Kimea kinakaa kwenye ndoo yake yenye mfuniko, na anayekitengeneza ni yule mama, kwa ajili yetu tu. Uji ukiiva tunauepua, unapoa, tunatia kimea, unarudi motoni unachemka tena. Wakubwa tunawapa mzito, maana wenyewe wanasema mwepesi ni wa vichanga. Yule mtoto wa bibi ameanza kusimama akishika benchi. Mama yake alikuja kutoka Makambako akamkuta amesimama, akaja kwetu jikoni akanishika mkono, na mimi nikajifanya moshi umeniingia.

Juzi mlezi wetu alinipeleka Njombe mjini. Vijana wa parokia moja huko wanataka kuanza uji wao, akawaambia kuna binti Kitandililo aje awaonyeshe. Nilivaa sketi nzuri, kosa kubwa, maana walinipa sufuria lenye masizi. Walikuwepo akina mama wengi na vijana wengi, wameleta viti, wamekaa kama wanasubiri semina. Nikawaeleza yote, ya gunia, ya mabanzi, hata ya ule uji uliogeuka ugali mbele ya watu. Walicheka sana. Kisha wakasogeza viti, uji ulipoanza kulegea mbele yao.

Mama mmoja mwenye miwani akaniuliza, "Mwanangu, haya mambo ya lishe umeyasomea chuo gani?"

"Bado sijasoma, mama. Napika tu Kitandililo."

Alitaka kuniuliza kitu kingine, lakini msichana wao kwenye sufuria la pili alikuwa anakoroga huku anaongea na simu, na uji wake umeanza kushika madonge. Nikamwambia mama samahani, nikaenda nikauchukua ule mwiko.